Namna ya Kuokoa Mazingira Bila Kuinuka Kochini

Mvua ya masika imeshika Trans Nzoia. Tangu alfajiri trekta zinanguruma upande wa Kiminini, mifuko ya mbegu inapakiwa kwenye bodaboda, na jirani yako amepita hapo nje gambuti zikiwa na matope hadi magotini. Huu ndio wakati mwafaka wa kujifungia sebuleni na kutazama hotuba kuhusu mazingira.

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Kitale au Bungoma anayeipenda dunia kwa dhati ila mgongo unamsumbua. Haumfai mkulima. Mkulima hana muda wa hotuba, na hata akiupata atakuharibia utamu kwa kuuliza bei ya mbolea.

Hotuba zenyewe hazina idadi. Zinazovuma zaidi ni za TED, shirika la Marekani lililoanza na mkutano mmoja mwaka 1984, kisha mwaka 2006 likaanza kuweka hotuba zake mtandaoni bila malipo. Sharti lao kubwa ni kwamba msemaji asizidi dakika 18. Ndani ya muda huo atatembea jukwaani bila karatasi, atasimulia utoto wake, ataonyesha picha ya ardhi iliyopasuka, atanyamaza kidogo, halafu atatoa matumaini. Ukumbi mzima utasimama kumpigia makofi. Wewe utabaki umeketi, lakini moyoni utakuwa umesimama, na hilo linatosha.

Maandalizi si mengi. Bando la saa moja linabeba hotuba tatu na mabao ya mechi ya jana. Stima nayo ni muhimu, na hapa ndipo utakapokutana na mazingira ana kwa ana kwa mara ya kwanza. Sehemu ya stima ya gridi yetu inatoka bwawa la Turkwel, kule Pokot Magharibi, mtambo wa megawati 106 ulioanza kazi mwaka 1991. Maji yake huletwa na mto Suam, ambao chanzo chake ni Mlima Elgon. Kwa hiyo mtu akifyeka msitu kule juu, skrini yako inaweza kuzimika katikati ya hotuba inayohusu ufyekaji wa misitu. Usilifikirie sana jambo hili. Lihifadhi tu ulitaje mbele ya wageni.

Sasa uchague cha kutazama. Anza na Wangari Maathai, kwa sababu ni wetu na hakuna atakayekubishia. Kipo kile kisa chake cha ndege mdogo anayebeba matone ya maji kwa mdomo kuzima moto msituni huku tembo, na mkonga wake wote ule, ameduwaa. Ni kifupi, kinaingia vizuri kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na hakimdai mtu chochote. (Ndege mwenyewe haishi Afrika, ni wa mabara ya Amerika. Chozi wetu anayefyonza maua ya migomba hapa Kitale anafanana naye kwa mbali, ila hajawahi kualikwa kwenye hotuba yoyote.)

Shida inaanza ukiendelea kutazama. Hotuba ya Nobel aliyoitoa Oslo tarehe 10 Desemba 2004 ipo mtandaoni nzima, na ukiitazama utatamani kujua maisha yake mengine, na huko kuna hatari. Yule mama hakuishia kwenye ndege. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement na kuwafundisha wanawake wa vijijini kuotesha miche kwa vyombo walivyokuwa navyo. Mwaka 1989 akasimama kupinga jengo la ghorofa 60 ambalo wakubwa wa chama tawala walitaka kulichomeka Uhuru Park. Januari 1999 akapigwa hadi damu ikamtoka kichwani, kisa alikwenda kupanda miti Karura. Ukiyapata haya kwa mfululizo unaweza kuingiwa na wazo kwamba kupenda miti kuna gharama zake. Sogeza mbele haraka.

Sogeza hadi mwisho wa hotuba, pale anapokumbuka kijito alichokuwa akitumwa kuchota maji akiwa mtoto. Anacheza kwenye majani ya nduma, anajaribu kuyaokota mayai ya chura akidhani ni shanga, yanakatika kila akiyagusa. Hapo una ruhusa ya kulia. Usichoruhusiwa ni kutoka nje kwenda kukitazama kijito chako mwenyewe, hasa kama unaishi sehemu zile ambako nduma zilishang'olewa na mahali pake pamesimama blugamu. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi, yaani hizo blugamu, iondolewe kandokando ya mito na vyanzo vya maji. Agizo lilisikika nchi nzima. Blugamu nazo zililisikia, zikaendelea kunywa. Na mwenye shamba huwezi kumlaumu kirahisi: mti ule ukikomaa unauzwa kuwa nguzo ya stima, na siku ya kufungua shule ndio unaomtoa aibu mbele ya mhasibu. Kueleza habari ya mti mmoja unaokausha chemchemi na kumsomesha mtoto wa mwenye chemchemi kunataka zaidi ya dakika 18, ndiyo maana wasemaji hawagusi.

Ukishajipangusa machozi, nenda kwa William Kamkwamba wa Malawi. Huyu alipanda jukwaani hapa kwetu Afrika Mashariki, Arusha, Juni 2007, mkutano uleule ambao Jane Goodall naye alihutubia. Alikuwa kijana wa miaka 19, Kiingereza kinamsumbua, sentensi zake zinahesabika. Njaa ya mwaka 2002 ilimtoa shuleni kwa kukosa karo, akaingia maktaba ya kijijini, akakuta kitabu chenye picha ya kinu cha upepo, akajenga cha kwake kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki, juu ya mnara wa miti ya blugamu. Naam, blugamu hiyohiyo.

Kanuni ya kuitazama hotuba hii ni kutikisa kichwa na kusema: "Vijana wetu wangekuwa hivi!" Useme kwa sauti, watoto wasikie. Kisha kwa wiki kadhaa ukiwa mjini epuka safu za mafundi wa jua kali. Pale yupo mtu aliyekaa juu ya kigoda, mbele yake kipande cha reli alichokigeuza fuawe, anapiga bati la pipa kuukuu mpaka linapinda kuwa kiuno cha jiko. Ndani yake ataweka kikombe cha udongo uliochomwa, aina ileile iliyoenea Kenya miaka ya 1980 kwa sababu inakula makaa kidogo kuliko jiko la bati tupu. Pembeni ana mashine ya kukatia nepia ya ng'ombe aliyoiunga kwa vyuma vya kitanda. Huyu hana hotuba. Ana bei, na wewe utaomba upunguziwe.

Richard Turere unaweza kumpitia upesi. Ni yule mvulana wa Kimaasai wa karibu na Mbuga ya Nairobi aliyefunga taa za kumetameta kwenye zizi la baba yake zikawatisha simba, akapelekwa jukwaani California mwaka 2013. Mtazame kwa utulivu, kwa kuwa Kitale hatuna simba. Tunao tumbili wa Saiwa, hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, na taa haziwatishi. Watakuja mchana.

Mwaka huohuo na jukwaa hilohilo alisimama Allan Savory wa Zimbabwe. Huyu ni wa lazima kwa kila mwanamume mwenye ng'ombe. Anadai kwamba makundi makubwa ya mifugo yakihamishwahamishwa kwa mpango yanaweza kuifufua ardhi inayogeuka jangwa. Pia anakiri kwamba ujanani mwake alishauri tembo wapunguzwe ili nyasi zipone, wakauawa takribani 40,000, na ardhi ikazidi kuharibika. Wanasayansi wengi wamempinga, wakisema madai yake kuhusu mifugo na tabianchi yamezidi ushahidi uliopo. Hilo la kupingwa usilitaje. Na ile habari ya tembo, yaani ya mtaalamu aliyekuwa na uhakika wote akakosea kwa gharama ya wanyama elfu arobaini, iruke pia, maana inaweza kukufanya uwaangalie wataalamu wengine wote kwenye orodha yako kwa jicho jingine. Wewe shika neno moja tu, kwamba ng'ombe wanaokoa dunia, umpelekee mkeo siku unapotaka kuuza kipande cha shamba ununue fahali.

Baada ya hapo utakutana na hotuba za watu wasiotoa taka. Mashuhuri wao ni Bea Johnson, Mfaransa aliyehamia California, ambaye taka za familia yake nzima kwa mwaka zinaenea ndani ya mtungi mmoja wa kioo. Anaushika mkononi, anaugeuza taratibu, ukumbi unashusha pumzi. Ni hotuba tamu, na inahitaji mtazamaji asiyewahi kuingia jikoni kwa bibi yake.

Maana ukiingia jikoni kwa bibi, sema pale Chwele, mambo yanavurugika. Mkebe wa mafuta ya kupikia umekuwa gorogoro ya kupimia mahindi kwa miaka mingi, na umepigwapigwa kitako ili pishi liwe dogo kidogo wakati wa kuuza. Dumu la mafuta limekatwa likawa karai la kuku. Chupa ya soda ina maziwa ya jana. Blanketi lililochakaa limezungushwa ndani ya kikapu, sufuria ya maharagwe imefunikwa humo yakaive polepole bila moto. Maganda ya ndizi yameenda kwa mbuzi, majivu yameenda chooni na kwenye sukumawiki, magunzi yako chini ya chungu. Pipa la taka halipo, na kumwonyesha bibi huyu mtungi wa kioo ni kumtafutia kicheko cha kumpalia. Atauliza mtungi mzuri namna ile umejazwaje takataka.

Ila nisimtakase. Jioni huwasha kijimoto nyuma ya nyumba akachoma vifuko vya maziwa na vikaratasi vya sabuni, na moshi ule mweusi unaingia moja kwa moja kwenye mapafu ya wajukuu. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake inafika hadi shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne. Lakini hivyo vifuko vingine vinaendelea kuja na hakuna lori la kuvichukua kijijini. Hapo bibi angehitaji msaada. Bahati mbaya hotuba inayomfaa ni ya kumhutubia mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda hana bando.

Tukiwa bado kwenye habari ya Chwele: siku utakapotumwa Bungoma kwa wakwe au kwenye matanga, safari ya matatu kutoka Kitale ina wasaa wa hotuba mbili tatu. Vaa spika za masikioni, inamisha kichwa, na usichungulie dirishani.

Ukichungulia, kwanza utaona mahindi. Kitale ndiko ilikoanzishwa Kenya Seed mwaka 1956, na kituo cha utafiti cha hapo ndicho kilichotoa Hybrid 611 mwaka 1964, mbegu iliyoigeuza Trans Nzoia kuwa ghala la nchi. Msemaji masikioni mwako atakuambia kupanda zao moja mwaka hadi mwaka ni kukaribisha balaa. Ana haki, mwaka 2017 viwavijeshi wapya walipoingia walikuta wametandikiwa jamvi. Lakini ukikodoa macho zaidi utaona shamba dogo moja moja lenye majani ya desmodiamu yanayotambaa chini ya mahindi na nepia ikiwa imezunguka pembeni. Hiyo ni mbinu ya kusukuma na kuvuta iliyobuniwa na watafiti wa ICIPE na wenzao miaka ya 1990, na Trans Nzoia ni miongoni mwa mahali pa kwanza ilipojaribiwa kwa wakulima. Harufu ya desmodiamu inawafukuza nondo wanaotaga mayai ya viwavi kwenye mabua, nepia inawavuta nje ya shamba, na mizizi ya desmodiamu inazima viduha, lile gugu la maua ya zambarau ambalo majirani zetu Waluo huliita kayongo. Juu ya hayo ng'ombe anapata majani. Mwenye shamba yumo humo ndani akipalilia, na matatu imempita kwa sekunde tatu. Wewe uko dakika ya kumi na moja ya hotuba kuhusu umuhimu wa ubunifu.

Kamukuywa utavuka daraja. Usitazame maji. Mvua ikinyesha huwa na rangi ya chai ya maziwa, na kinachoyapa rangi hiyo ni udongo wa watu wa juu ukielekea Nzoia na kisha Budalang'i, ambako kila mafuriko huwakuta watu wakihamisha vitanda. Piki zinazokupita zimebeba magunia ya makaa yaliyofungwa kwa majani mdomoni. Zinaelekea mjini, jikoni kwako.

Ukifika Webuye, hapo inua kichwa, kwa kuwa sijaona hotuba inayoieleza Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilianza kazi mwaka 1974. Kwa miaka 35 harufu yake ya salfa ilikuwa inakupokea kabla kondakta hajaita jina la kituo. Wakazi walilalamikia kifua, walilalamikia mabati yanayoliwa na kutu kabla ya wakati, na wa chini ya mto walilalamikia maji machafu yanayomwagwa Nzoia. Misitu nayo ilikuwa inaingia kiwandani kwa malori. Mwaka 2009 kikafungwa. Mwanamazingira yeyote angeshangilia: hewa ikawa safi, mto ukapumua. Ila mishahara nayo ilikwenda na harufu. Vyumba vya kupanga vikabaki vitupu, maduka yakateremsha milango, na wapo watu wazima leo wanaoikumbuka harufu ile kwa hamu. Mwaka 2016 kikauzwa kwa bei ya kutupa, kama wengi walivyolalamika, kwa wenye viwanda wa kundi la Rai. Jaribu kuyaweka haya jukwaani kwa dakika 18, umalizie na matumaini, halafu watu wasimame kupiga makofi. Mimi ningependa kuiona hotuba hiyo. Ningenunua bando la siku nzima.

Sasa tahadhari kubwa. Kuna hotuba chache ambazo ukizitazama utagundua zinakuhusu, na hizo zina madhara. Mojawapo ni ya Mmarekani Andrew Youn, anayetoa sababu tatu za kuamini kwamba umaskini unaweza kushindwa. Anazungumzia wakulima wadogo wa Afrika, miezi ya njaa kabla ya mavuno, mbegu bora na mbolea vikiletwa karibu na kijiji kwa mkopo. Mwenye hotuba ndiye aliyeanzisha One Acre Fund, na alianzia hapa hapa Bungoma, mwaka 2006. Yaani mtu wa Bungoma ananunua bando, anatafuta mahali mtandao unapokamata, ili Mmarekani amweleze shangazi yake anavyolima.

Kuna lingine la aina hiyo, tena lina hesabu nzuri. Vi Agroforestry, shirika la Waswidi ambalo limefanya kazi upande wa Kitale tangu miaka ya 1980, lilishirikiana na mfuko wa kaboni wa Benki ya Dunia kuwafundisha wakulima wa pande za Kisumu, Kitale na Bungoma kurudisha rutuba: acha mabua shambani usiyachome, tia samadi, tandaza majani, panda kaliandra kwenye makinga maji. Udongo unaotunzwa hivyo huhifadhi kaboni, na kaboni hiyo inaweza kupimwa na kuuzwa kwa wenye moshi wa ng'ambo. Januari 2014 mradi huo ukawa wa kwanza kupewa hati za kaboni kwa njia hiyo ya hesabu, tani 24,788, sawa na moshi wa magari zaidi ya 5,000 kwa mwaka. Habari zilizunguka dunia. Wakulima waliohusika walikuwa karibu 30,000. Chukua kikokotoo ugawanye. Haifiki hata tani moja kwa kila jembe, na bado hujatoa gharama za waliokwenda kupima.

Haki isemwe: mahindi ya waliofuata mafunzo yale yalinufaika na udongo, na hilo ndilo lililowafaa kuliko hati. Ila angalia njia iliyopita habari yenyewe. Mama wa Bungoma anatandaza mabua. Mtaalamu anakuja, anampiga picha akitandaza mabua. Picha inapanda ndege, inafika ukumbini, inapigiwa makofi. Miezi michache baadaye inarudi Bungoma kwa simu ya kijana wake, ambaye anaitazama kitandani saa nne asubuhi, anaguswa, na kuandika chini yake kwamba Afrika inahitaji kuamka. Mama yuko nje anatandaza mabua.

Kwa sababu hiyohiyo, usikubali kupelekwa Manor House, kile chuo cha kilimo nje kidogo ya Kitale kilichoanzishwa mwaka 1984. Pale hawahutubii. Wanakupa uma wa bustani uchimbe tuta la kina cha sentimita 60, utie mboji, upande mboga kwa kubananisha. Njia yenyewe ilinolewa na John Jeavons wa California, ambaye hotuba zake zipo mtandaoni, na huko sentimita 60 hazichoshi kabisa.

Ukishatazama vya kutosha, ni lazima uonekane umebadilika. Agiza mrija wa chuma na mswaki wa mianzi kutoka China. Badilisha picha yako ya WhatsApp iwe jani. Kuhusu miti, serikali imekurahisishia: shabaha ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili watu wapande. Kule Ukambani na Nairobi mvua za vuli huwa zimekolea mwezi huo. Kwetu Trans Nzoia, kila mwenye jembe anajua kwamba Novemba mvua inaaga na kiangazi kinakuja hadi Machi, na mche wa siku hiyo utaishi tu kama kuna mtu wa kuubebea ndoo. Kwa hiyo piga picha mapema, majani yakiwa bado mabichi. Simama upande wa kushoto wa mche, mkono mmoja juu ya jembe. Jembe liwe safi.

Limebaki onyo kuhusu wazee: usimwachie bibi simu. Hawajui kutazama hotuba. Kijana mmoja wa Kitale alikwenda Chwele kumsalimia bibi yake, akaona amfaidishe na hotuba ya mzungu mmoja mtaalamu wa udongo, iliyorekodiwa shambani kwake. Wakaketi kwenye mkeka, simu ikiwa imeegemezwa kwenye bakuli la mchele.

"Kukhu, msikilize. Anasema udongo usiachwe uchi."

"Naona."

"Lakini husikilizi."

"Wewe sikiliza, mimi natazama. Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Simamisha."

Kijana akasimamisha. Bibi akainamia kioo, akampita msemaji, akaenda nyuma yake kabisa.

"Yale maharagwe wameyapanda mbalimbali mno. Kwao mvua si nyingi. Na yule wa nyuma mwenye toroli, anapeleka nini?"

"Sijui, Kukhu. Si yeye anayezungumza."

"Ni samadi mbichi, hata mvuke unaonekana. Itaunguza mimea ya watu. Mpigie umwambie waiache ioze kwanza."

"Hapigiwi simu, Kukhu."

"Kwani mnazungumza naye vipi?"

"Hatuzungumzi naye. Tunamtazama tu."

Bibi akamwomba asogeze tena, aone kama toroli lilifika mwisho wa tuta. Wakarudia kipande hicho hadi bando likakatika, na ujumbe wa msemaji kuhusu mustakabali wa sayari haukuwahi kusikika Chwele.